Mkaguzi Aje na Gari Lake

(Maneno haya niliyasema Tanga, mbele ya wanafunzi wa ufundi na wenyeviti wa vijiji ambavyo bomba la mafuta ghafi linapita. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu. Vicheko nimevipunguza, kukohoa kwangu nimekuondoa kote.)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wanafunzi, na mama zangu mliokaa kule nyuma karibu na masufuria: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Nimepewa dakika arobaini na mada ndefu kama bomba lenyewe: usimamizi wa sheria za usalama kwa waendeshaji wa mabomba ya mafuta. Nilipoisoma kwenye barua nilijiuliza nani atakaa aisikilize. Halafu nikakumbuka humu ukumbini kuna watu ambao bomba limepita nyuma ya choo chao. Hao nikaona watakaa.

Nianze na valvu.

Miaka ya nyuma nilitumwa kukagua kituo cha valvu kwenye bomba moja. Nchi na kampuni naziacha. Kituo cha valvu si kitu cha kutisha: uzio wa waya, kokoto, kibanda cha mlinzi, na katikati chuma kimechomoza ardhini chenye usukani kama wa lori. Kazi yake ni moja. Bomba likipasuka, unafunga hapa, mwenzako anafunga kule mbele, mafuta yanayomwagika yanakuwa ya kile kipande cha katikati tu na si ya bomba zima.

Asubuhi nilifuatwa hotelini na gari la kampuni. Dereva wa kampuni, maji ya kunywa ya kampuni, hata kofia ngumu niliyovaa ilikuwa na nembo ya kampuni. Njiani tukasimama kula nyama ya mbuzi, kampuni ikalipa. Tukafika kituoni saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, na ndege yangu ya kurudi ni saa kumi na moja.

Nikaletewa daftari la matengenezo. Limeandikwa vizuri, mwandiko wa shule ya misheni: valvu imefungwa na kufunguliwa, haina tatizo, sahihi, tarehe ya wiki iliyotangulia. Nikamwambia fundi, hebu izungushe kidogo, robo tu, nione. Fundi akanitazama. Akamtazama dereva. Nikaushika usukani mwenyewe. Haukusogea. Fundi akaleta kipande cha bomba la kuongeza nguvu, tukaning'inia wawili kama watoto kwenye mwembe. Haukusogea. Nilipoinama kuangalia chini ya usukani nikaona kiota cha nyigu, kile cha udongo, kikavu, kikubwa kama ngumi, kimeung'ang'ania usukani na nguzo yake kwa pamoja.

Wenyeji mnajua. Usukani ungekuwa umezungushwa wiki iliyopita, kile kiota kingepasuka vipande viwili.

Aliyesema kweli siku ile alikuwa mlinzi, mzee mmoja mpole aliyekuwa anachemsha chai. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo tangu nije haijaguswa. Na mimi hapa nina miaka mitatu."

Fundi simlaumu sana. Ana vituo kumi na viwili na pikipiki moja. Kilichonikosesha usingizi ni kurasa za nyuma za lile daftari, maana zilikuwa na sahihi za wakaguzi walionitangulia. Wote walikuja na gari lile, wakala mbuzi yule yule (samahani, mbuzi wa pale pale), wakasoma daftari, wakasaini, wakawahi ndege. Mimi ndege ikaniacha. Ripoti yangu ilijibiwa baada ya miezi mitano kwa barua ya mistari mitatu, mstari wa kwanza ukiwa ni kunishukuru.

Sasa nawatoa hapa nawapeleka mbali kidogo, Marekani, jimbo la Michigan, mji mdogo unaoitwa Marshall. Nawapeleka huko kwa sababu kilichotokea kimeandikwa chote, dakika kwa dakika, na kila mtu anaweza kukisoma. Ya kwetu mengi hayajaandikwa hivyo.

Tarehe 25 Julai 2010, Jumapili, saa 11:58 jioni. Bomba la kampuni ya Enbridge, kipenyo cha inchi 30, lililofukiwa mwaka 1969, lilipasuka. Ufa ulikuwa na urefu wa mita mbili hivi. Mafuta yaliyokuwemo ni yale mazito ya Alberta, Canada, yanayochanganywa na kimiminika chepesi ili yaweze kusukumika. Yakatoka yakaingia kijito cha Talmadge, kijito kikayapeleka mto Kalamazoo.

Waendeshaji wa bomba walikuwa wamekaa chumba cha kuongozea mitambo, Edmonton, Canada, maelfu ya kilomita kutoka pale. Kengele zikalia kwenye skrini zao. Bahati mbaya, bomba lilikuwa limo katika kuzimwa kwa ratiba dakika ile ile, kwa hiyo kushuka kwa presha wakakuona ni kwa kawaida. Zamu ikabadilika. Wa zamu mpya wakasema, humo ndani pana pengo, mafuta yamekatika katikati ya safu na mvuke umekaa; tukiwasha pampu litajaa. Wakawasha. Kengele zikalia tena. Wakazima, wakajadiliana, wakawasha mara ya pili. Walikuwa wanajaza mto.

Baadaye wachunguzi walipopiga hesabu walikuta asilimia 81 ya mafuta yote yaliyomwagika yalitoka wakati wa kuwasha huko kwa mara mbili. Yaani kama wangeacha tu pampu zimelala, wakaenda kunywa kahawa, madhara yangekuwa chini ya robo.

Na huku Marshall? Wananchi walishasikia harufu. Simu ya kwanza ya dharura ilipigwa kabla ya saa nne usiku ule ule. Zimamoto wakatoka, wakazunguka na vipima gesi vyao, wakidhani ni gesi ya majumbani imevuja, hawakuona kitu, wakarudi. Hakuna aliyempigia mwenye bomba. Mtu aliyempigia simu mwenye bomba hatimaye alikuwa mfanyakazi wa kampuni nyingine kabisa, ya gesi, aliyeona mafuta kijitoni kwa macho yake, saa 5:17 asubuhi ya siku ya pili. Zaidi ya saa 17 zilikuwa zimepita. Galoni 843,000 na ushei, kama lita milioni 3.2. Hakufa mtu, tumshukuru Mungu, lakini watu wapatao 320 waliripoti kuugua kutokana na mvuke ule, na mafuta yale mazito yakazama chini ya mto badala ya kuelea, ikabidi mto uchimbwe kama shamba.

Hapo sasa ndipo mada yangu ilipo. Najua kuna mtu anangoja niseme usipoziba ufa. Sisemi, kwa sababu Marshall ufa ulionekana. Uliletewa hata futi ya kupimia.

Kuna chombo kinachopitishwa ndani ya bomba, kinasafiri na mafuta huku kinapima unene wa chuma, kutu na nyufa. Waingereza wamekiita nguruwe. Msinikasirikie, jina sikulitoa mimi. Mwaka 2005, miaka mitano kabla ya ajali, chombo hicho kilipita pale pale palipokuja kupasuka. Kikaandika kasoro sita zinazofanana na nyufa, ndefu kuliko zote ikiwa na inchi zaidi ya 51. Kanda ya plastiki iliyovishwa bomba mwaka 1969 ilikuwa imebanduka, maji yameingia kati ya kanda na chuma, chuma kimeanza kuliwa. Kampuni ikapata taarifa, ikafanya hesabu zake, zikatoka kwamba bomba linavumilia. Hakuna aliyekwenda na sururu kuchimba aangalie.

Kanuni zilikuwepo? Zilikuwepo. Mmarekani kwa kanuni hana mpinzani. Ila zilimwachia mwenye bomba mwenyewe aamue ufa upi ni ufa na upi ni mchubuko. Na siku chache kabla ya kupasuka, katikati ya Julai 2010, kampuni ilikuwa imemwandikia mdhibiti, yaani wakala wa serikali wa usalama wa mabomba, barua kuhusu kasoro zaidi ya 300 kwenye bomba hilo ambazo muda wake wa kurekebishwa ulikuwa unakwisha, ikiomba iendelee kusukuma kwa presha ya chini wakati inatafakari. Hebu muone picha. Mdhibiti ana barua mezani, na bomba linakatika.

Bodi inayochunguza ajali za usafiri kule inaitwa NTSB. Haina mamlaka ya kumtoza mtu hata senti. Haitoi leseni, haifungi kampuni. Kazi yake ni kuchunguza na kusema, basi. Julai 2012 ikasema. Iliisema kampuni kwa ukali, lakini kwa kuwa haikuwa na undugu na mtu, ikamgeukia na mdhibiti, yule wakala wa usalama wa mabomba anayeitwa PHMSA. Mwenyekiti wa bodi wakati huo, Deborah Hersman, alisema kumwachia anayedhibitiwa apime hatari zake mwenyewe na ajirekebishe mwenyewe ni kama kumpa mbweha ulinzi wa banda la kuku. Sisi tungesema fisi amekabidhiwa bucha. Na ripoti ikatoa kitu ambacho mimi nilikisoma mara mbili nikidhani macho yangu: mdhibiti yule alikuwa na mipango ya dharura ya makampuni ipatayo 450 ya kusoma na kupitisha, na watumishi wa kuisoma walikuwa mtu mmoja na nusu. Nusu ya mtu. Unaweza kuwa na sheria nene kama Msahafu, msomaji ni mmoja na nusu.

Kuna kanuni moja ya kampuni yenyewe ambayo wanafunzi nataka muiandike. Machi 1991, kwenye mtandao huo huo wa mabomba, kule Grand Rapids, Minnesota, lilipasuka bomba lingine, zikamwagika galoni milioni 1.7, nyingine juu ya mto ulioganda barafu. Baada ya hapo wakajiwekea sharti la dakika kumi: ukiona dalili usiyoweza kuieleza kwa dakika kumi, zima bomba. Usimpigie bosi, usiitishe kikao. Zima. Sharti zuri kuliko mengi niliyoyasoma, maana linamlinda yule kijana wa zamu. Saa tisa usiku, kijana wa miaka ishirini na saba, mbele yake kitufe ambacho akikibonyeza bure kampuni inapoteza mamilioni na kesho ataulizwa. Sharti linamwambia: bonyeza, hutaulizwa.

Marshall sharti lilikuwepo, liko ukutani. Walilivuka kwa saa 17.

Kwa nini walilivuka? Wachunguzi waliona kwamba kulivuka kumekuwa mazoea. Kila aliyelivuka huko nyuma alisalimika, bomba likajaa, kengele ikanyamaza, akaonekana mtu mwenye uzoefu. Na mimi nauliza swali la mkaguzi: katika miaka ile 19 kati ya 1991 na 2010, kuna mtu wa nje aliyewahi kukaa kwenye kiti cha nyuma cha chumba kile usiku, akatazama saa yake, akahesabu dakika kumi? Kusoma sharti kwenye karatasi na kulitazama likifanya kazi ni vitu viwili. Kiota cha nyigu hakionekani kwenye daftari.

Tuje kwenye faini, maana najua ndiyo inayopendwa na magazeti. PHMSA ilihesabu makosa zaidi ya 20, ikatoza dola milioni 3.7. Wakati ule ilikuwa faini kubwa kuliko zote ilizowahi kutoza. Gharama za kusafisha mto zilipita dola bilioni 1. Nyie wa hesabu fanyeni hapo hapo: ni kama mtu kachoma nyumba ya shilingi milioni mia, akaambiwa alipe laki tatu na sabini. Miaka sita baada ya ajali, Julai 2016, ndipo serikali kwa kutumia sheria nyingine, ile ya maji safi, ilipofikia makubaliano na kampuni: dola milioni 62 za adhabu, pamoja na si chini ya milioni 110 za kurekebisha mtandao wake. Hiyo angalau inasikika. Lakini miaka sita, jamani. Mtoto aliyezaliwa siku ya ajali yuko darasa la kwanza.

Kilichouma haraka hakikuwa faini. Siku tatu tu baada ya bomba kupasuka, mdhibiti alitoa amri: bomba hili haliwashwi mpaka niridhike. Likalala mpaka mwisho wa Septemba, miezi miwili. Bomba lililolala halilipi mtu. Kila mkurugenzi anaielewa lugha hiyo bila mkalimani. Kwa hiyo mamlaka ya kuzima yalikuwepo muda wote. Yalikuwa kabatini yakingojea mafuta yafike mtoni.

Huo ndio ugonjwa ninaoujua mimi. Na kwetu una sababu moja ya ziada, nitaisema wazi mniwie radhi wakubwa mliopo.

Mabomba yetu mengi serikali imo ndani. Lile la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, kilomita 1,710, limekuwepo tangu 1968 na ni mali ya serikali mbili, Zambia na Tanzania. Hili lenu linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko ardhi ya Tanzania, mwenye hisa nyingi ni TotalEnergies, asilimia 62, lakini TPDC, shirika letu la mafuta, lina 15, na shirika la mafuta la Uganda lina 15. Mimi sina ugomvi na jambo hilo. Nchi kuwa na hisa kwenye mali inayopita kwake ni haki. Ila mjue maana yake siku ya kosa: EWURA, mdhibiti wetu wa nishati na maji, akitoza faini, sehemu ya faini inatoka mfuko wa kulia wa suruali inaingia mfuko wa kushoto. Na akizima bomba, anazima pia mapato ya mwajiri wake. Simu atakayopigiwa jioni ile haitatoka kwa mwekezaji.

Jirani zetu wamepitia. Tarehe 12 Septemba 2011, Jumatatu asubuhi, Nairobi, mtaa wa Sinai, Mukuru. Petroli ilivuja kutoka kwenye miundombinu ya Kenya Pipeline, shirika la serikali, ikaingia mfereji wa maji ya mvua. Watu wakatoka na ndoo na madumu. Moto ukashika. Walikufa watu zaidi ya mia moja, wengine walikutwa mtoni walikokimbilia kuzima nguo.

Baada ya hapo yalisemwa yale yanayosemwaga. Kwa nini walichota? Kwa nini walijenga juu ya mkuza, ile ardhi iliyotengwa kwa ajili ya bomba? Nami nimeyasikia hapa nyumbani, Agosti 2019, baada ya lori la mafuta kupinduka Msamvu, Morogoro, tukazika ndugu zetu zaidi ya mia. Kwa nini walichota. Swali hilo ni rahisi kwa mwenye mshahara. Mkuza una sheria zake, kweli, na mtu hajengi juu ya bomba. Lakini mabanda ya mabati hayaoti usiku mmoja kama uyoga. Yalikuwa yanaonekana kwa miaka. Na petroli haikutoka bombani kwa sababu kuna watu wanaishi juu yake. Ilitoka kwa sababu chuma na viungo vyake vilishindwa, na kushindwa kwa chuma kuna mwenyewe.

Halafu ni Mei 2015, Kibwezi, kaunti ya Makueni, bonde la Thange. Bomba la Mombasa mpaka Nairobi, lililoanza kazi 1978, lilikuwa limezeeka. Wakulima ndio waliogundua: mafuta kwenye maji, mafuta kwenye mashamba. Kesi yao ikavutana mahakamani miaka nenda rudi. Bomba jipya likaja kujengwa pembeni, la inchi 20. Angalieni tu nani alikuwa wa kwanza kujua. Michigan pua za wananchi, Makueni macho ya wakulima. Skrini zilikuwa za mwisho mara zote mbili.

Kwa hiyo wenyeviti, nyie ni sehemu ya mtambo, hata kama hamko kwenye mchoro.

Hili bomba lenu si kama hayo. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ukiyaacha kwenye hali ya hewa ya kawaida yanaganda kama samli ya Julai kule Lushoto. Ndiyo maana bomba linapashwa moto, mafuta yasafiri kwenye joto la zaidi ya nyuzi 50. Kuna nyuzi za mwanga zimefukiwa pamoja nalo za kusikilizia mabadiliko. Ni teknolojia nzuri na sitaidharau. Edmonton nako palikuwa na teknolojia nzuri.

Nitawaambia ninavyotaka, nimalize, maana naona vifuniko vya masufuria vimeanza kufunguliwa.

Nataka mdhibiti apate nakala ya data yote ya kile chombo kinachopita ndani ya bomba. Namaanisha data ghafi, si muhtasari wenye picha za rangi na mkurugenzi anatabasamu. Na awe na kijana wake, mmoja wenu nyie mliokaa hapa mbele, anayeweza kuisoma na kusema, huu mnaouita mchubuko mimi nauita ufa, chimbeni Jumatatu. Mhandisi wa namna hiyo ni ghali. Kampuni itamtaka, itamlipa mara tatu, ataondoka. Basi alipwe vizuri tangu mwanzo. Ni rahisi kuliko mto.

Nataka amri ya kuzima itumike mapema, kwa kosa dogo, mara ya kwanza. Valvu haizunguki? Kipande hicho kinalala mpaka izunguke. Wataalamu wenzangu wataniambia nitaua uchumi. Valvu inafunguliwa na grisi na mafundi wawili kwa siku mbili. Ikizimwa mara moja tu, vituo vyote vilivyobaki vitapakwa grisi wiki hiyo hiyo bila mkaguzi kufika.

Nataka kila nguzo ya alama kwenye mkuza iwe na namba ya simu ambayo mtu anapokea saa tisa usiku, kwa Kiswahili. Na mpige. Msingoje mafuta. Pigeni siku ya kawaida, muone kama inaita. Mama mmoja aliniambia asubuhi hii kabla hatujaingia kwamba kijijini kwake, na kijiji nakihifadhi, alijaribu namba iliyoko kwenye kibao fulani akajibiwa na mwanamume anayeuza vifaranga. Mmecheka. Zimamoto wa Marshall nao hawakujua wampigie nani.

Na la mwisho ni gari. Najua linaonekana dogo. Mwenyekiti mmoja hapa nje aliniambia, mhandisi, mkaguzi hana bajeti, asipopewa lifti hafiki kabisa. Nakubali, hesabu ya wizara naijua. Sisemi fedha isitoke kwa kampuni. Wadhibiti karibu wote, hata huyo wa Marekani, wanaendeshwa kwa tozo wanazolipa wanaodhibitiwa, na hakuna ubaya. Tozo ikishalipwa kisheria, ni ya mdhibiti. Lakini ufunguo wa gari ukiwa mfukoni mwa dereva wa kampuni, kampuni ndiyo inayochagua kituo kipi kionekane, kwa saa ngapi, kabla au baada ya chakula. Siku ile ningekuwa na gari langu ningelala pale, ningekwenda kituo cha pili na cha tatu. Vituo kumi na kimoja vya yule fundi sikuviona mpaka leo.

Kwa hiyo wenyeviti, siku mkaguzi atakapokuja kijijini kwenu, mkaribisheni, mpeni kiti na madafu. Muulizeni jina na kitambulisho. Muulizeni valvu gani ameizungusha kwa mkono wake. Halafu mmoja wenu atoke nje, kama anakwenda kuangalia mbuzi, asome mlangoni mwa gari limeandikwa nini.

Asanteni. Nachukua maswali, nianze na wewe mama wa vifaranga.